Ghorofa Tano za Miti

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, nilisema neno moja, "Toeni," na ilipofika saa sita mchana nilikuwa nimesimama mbele ya Mtemi, wazee wake, akina mama wa vijiji viwili na wanafunzi wangu wote, nimejifunga khanga ya mwanamke. Nalisema hilo mapema, ndugu zangu, kwa sababu kila nikikaa na watu wa Shinyanga hawaniachii mpaka nilieleze, na wengine wamekwisha kulieleza vibaya (wapo wanaoapa kwamba hata hiyo khanga sikuwa nayo), basi bora mlisikie kutoka kwangu, kwa utaratibu, kama lilivyotokea.

Saa naijua sawasawa kwa kuwa nilikuwa nimeivua mkononi nikaiweka mbele yangu juu ya meza, nami nilikuwa nimeinamia orodha ya mahudhurio nahesabu wanafunzi, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya shule. Nilikuwa mwalimu pekee wa shule ya kijiji iliyokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Shinyanga. Darasa moja, kuta za udongo, paa la nyasi. Ualimu wenyewe sikuusomea sana. Nilizaliwa Tabora, baba yangu mtu wa pwani aliyefuata biashara ya nguo, nikafanya ukarani mdogo kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Mwanza, na mengi niliyoyajua niliyasoma peke yangu, ukurasa mmoja mmoja, kamusi pembeni. Umri wangu ulikuwa umepita miaka arobaini. Mtu wa namna hiyo huwa na kiburi cha kimya, na nadhani nilikuwa nacho.

Miaka ile ndiyo dhahabu ya Geita ilianza kuwavuta vijana. Kijana anakaa darasani leo, kesho unaambiwa amefunga mkeka na kwenda kuchimba, na mwezi ujao anarudi kutembea amevaa viatu, na wenzake watatu wanaondoka naye. Orodha yangu ilikuwa inapungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Mtemi akatuma neno, nalo lilikuwa wazi: baada ya mavuno atakuja mwenyewe ahesabu vichwa, na vikiwa chini ya thelathini shule itafungwa, fedha yake itakwenda kujenga josho la ng'ombe. Sikuweza kumlaumu. Ng'ombe walikuwa wanakufa kweli, na shule ya watoto kumi na tisa (ndio niliokuwa nao siku lile neno lilipofika) haina hoja mbele ya ng'ombe. Lakini shule ya pili kwa ukaribu ilikuwa ya misheni, mbali kiasi kwamba nilijua hakuna mtoto hata mmoja wa pale ambaye angeifuata.

Siku moja alikuja darasani kutusalimu kijana Masanja, aliyekuwa mwanafunzi wangu mwenye akili kuliko wote kabla hajaenda Geita. Alikuwa mkubwa, ndevu zimeanza, viatu vipya mkononi ili visichafuke. Akasimama mlangoni.

"Mwangaluka, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umerudi kusoma?"

"Nimekuja kuwaona tu." Akawageukia wenzake. "Huko mgodini Wazungu wamesimamisha mnara wa miti wa kuvutia ndoo kutoka shimoni. Ukiutazama juu shingo inauma. Hapa kuna kitu gani cha kutazama? Mbuzi wa Mama Shija?"

Darasa likacheka, nami nikaona wavulana wanne wakiviangalia vile viatu. Basi bila kupanga nikasema, "Mnara wenu huo ni mtoto. Amerika kuna nyumba yenye ghorofa zaidi ya mia, moja juu ya nyingine."

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa na gazeti la picha la Kizungu, nililolinunua kwa Muhindi mmoja wa dukani pale Shinyanga aliyekuwa analitumia kufungia sukari, na ndani yake mlikuwa na picha ya jumba kama hilo likiwa bado kiunzi cha chuma, halijavikwa kuta. Nilikuwa nimelisoma mpaka nikalijua. Nikalitoa. Masanja akaweka viatu chini, akaingia, akakaa.

Siku ile sikufundisha hesabu wala jiografia. Niliwaeleza kwamba ukipanga mawe juu ya mawe, kadiri unavyopanda ukuta wa chini lazima uzidi unene, mpaka chumba cha chini kinabaki hakina nafasi ya mtu kulala. Basi mafundi wakaamua ukuta usibebe kitu. Wakasimamisha mifupa ya chuma kwanza, nguzo na boriti, na kuta wakazining'iniza juu ya mifupa hiyo kama nguo. Nikaeleza msingi unavyochimbwa mpaka ufike kwenye mwamba. Nikaeleza upepo, kwamba juu kule adui si uzito tena, adui ni upepo unaosukuma kutoka ubavuni, na kwamba mifupa hukazwa kwa vyuma vya mshazari, vinavyotoka pembe ya chini kwenda pembe ya juu upande wa pili. Maswali yalikuja ambayo gazeti halikuwa na majibu yake.

"Mwalimu, anayekaa ghorofa ya mia, ng'ombe wake wanalala ghorofa ya ngapi?"

"Akifa huko juu, maiti inateremshwaje?"

"Mkwe wake akija kumtembelea anapanda kwa miguu? Si ni dharau hiyo?"

Nikaeleza lifti. Hawakuipenda lifti, walisema ni ndoo ya mgodini iliyofungwa mlango, na Masanja akasema hivyo ndivyo ilivyo, yeye ameipanda.

Ndipo Shija, mvulana wa Mbugani, kimoja cha vile vijiji viwili vya shule yetu, akasimama na kukataa. "Ukuta mnene ndio nyumba, mwalimu. Miti ni chakula cha mchwa tu."

Masanja, ambaye kwao ni kile kingine, Mlimani, akajibu kabla yangu. "Wewe umeona nini duniani? Miti ndiyo inayozuia shimo lisitufukie."

"Haya," nikasema, kwa furaha ya mwalimu aliyeona macho ya watoto yamefunguka, "tushindane. Mbugani wajenge mnara wa udongo, Mlimani wajenge wa miti. Siku ya Mtemi tutaipakia mifuko ya mchanga, tuone upi unabeba zaidi."

Kwetu Tabora mjini neno "tushindane" tulikuwa tunawaambia watoto wakimbizane mpaka kisimani, na mambo yakaisha hapo. Nilikuwa nimekaa Usukumani miaka miwili na bado sikuujua uzito wake. Kule neno hilo lina ngoma ndani yake, lina mganga, lina mashangazi wanaotoka mbali kuja kushangilia, na likishatamkwa halirudi mdomoni. Wiki haikupita, wanafunzi kumi na tisa wakawa thelathini na wanne, maana kila upande uliita watoto wake wote warudi kuongeza nguvu, hata wale wa Geita. Masanja mwenyewe alivifunga viatu kwenye kitambaa, akamkabidhi mama yake.

Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilikuwa naijaza orodha yangu kwa mwandiko mzuri. Asubuhi nafundisha kusoma na hesabu, na wanakaa, kwa sababu asiyekaa asubuhi sikumruhusu kujenga jioni, jioni wanajenga. Mbugani wakakanda udongo wa vichuguu wakapandisha mnara mnene chini, mwembamba juu, kama kihenge kisicho na tumbo. Mlimani wakasimamisha nguzo nne na kuzifunga kwa boriti na kamba za magome, ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa nikasimamia mimi mwenyewe zifungwe zile fito za mshazari, mbili kila ubavu. Zilipofika ghorofa tano, ya chini kimo cha mtu mzima na za juu kimo cha kifua chake, mnara ulilipita paa la shule, ukasimama pembeni yake bila kutikisika hata upepo wa mchana ulipovuma. Chini ya kila mnara nilikuta manyoya ya kuku na unga wa mtama. Mganga wa upande wa Mbugani, Mzee Lubinza, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alipita kila siku akaukagua ule wetu wa miti kwa macho, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwalimu. Kazi nzuri. Utaanguka."

Sasa turudi kwenye saa mbili na dakika kumi. Mtemi yuko njiani, uwanja umeanza kujaa, mimi niko mezani nahesabu majina kwa mara ya tatu, kwa kuwa yalikuwa yamefika hamsini na mawili na sikuamini. Masanja akaja, akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, wachezaji wetu wanataka kupita chini ya mnara na ngoma, waingie huku watokee kule. Zile fito za chini zinawazuia. Tuzitoe?"

"Toeni," nikasema, bila kuinua kichwa. "Halafu mzirudishe."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote. Mimi niliyesumbuka siku nzima darasani kueleza upepo na mshazari, nililijibu swali hilo kama mtu anayeulizwa kama dirisha lifunguliwe.

Mtemi alifika kwenye saa nne, akakalishwa kwenye kiti chini ya kibanda cha majani, karani wake ubavuni. Nikatoa hotuba fupi juu ya majumba marefu ya ng'ambo na kanuni za ujenzi wake, nikaonyesha mifuko ya mchanga niliyoipima. Mtemi alisikiliza vizuri sana. Watu wengine hawakusikiliza hata kidogo, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kila mtoto pale alikijua: katika mashindano yao anayeshinda si aliyefanya vizuri, ni aliyevuta watu wengi. Wacheza ngoma wawili wakishindana, watu wakihama wote kwenda kwa mmoja, yule mwingine ameshindwa, hata kama anacheza kama malaika. Mifuko yangu ya mchanga haikumhusu mtu.

Mlimani wakaanza vizuri, wachezaji wao wakipita chini ya mnara na kutokea upande wa pili, watu wakapiga vigelegele. Ndipo Mbugani wakamtoa mcheza nyoka. Akapanda ule mnara wa udongo mpaka juu, chatu shingoni, akasimama pale akamwinua kwa mikono miwili, na uwanja wote, nasema wote, ukahama kama mifugo iliyosikia maji. Walibaki kwetu wanafunzi wa Mlimani, wapiga ngoma wawili, na bibi mmoja asiyeona vizuri.

Masanja alinishika mkono. Alikuwa analia, kijana mzima mwenye ndevu. "Mwalimu, tumekwisha. Wenzangu wanasema tukishindwa leo hawakanyagi tena hapa, wanarudi Geita kesho. Na mimi nitakwenda nao, siwezi kubaki na aibu hii. Fanya kitu!"

Nilitazama kwenye kibanda. Karani wa Mtemi alikuwa bado hajahesabu vichwa, kalamu iko sikioni. Nikapiga hesabu: wanafunzi wa Mlimani walikuwa ishirini na saba. Hamsini na mawili, toa ishirini na saba.

Basi nikapanda. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu nyeupe ya Idi na koti juu yake, nikavua viatu, nikapanda ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, napumua kama ng'ombe wa jembe, na nilipofika ya tano nikasimama juu ya boriti na kupaza sauti niliyokuwa nimeitunza maisha yangu yote. "Ndugu zangu! Jumba refu halibebwi na ukuta!"

Mtu mmoja akageuka. Akasema, "Tobaa! Mwalimu kapanda!" Na kama mnavyojua, nyoka wamemwona kila mwaka, mwalimu juu ya mti hawajamwona. Uwanja ukarudi wote. Walikuja mbio, wakicheka, wakiita wengine, wakabanana kuzunguka mnara, wakazishika nguzo wapate kutazama juu, na vijana wa Mlimani kwa furaha wakaanza kupanda nyuma yangu. Hata yule wa chatu aliteremka kuja kuona. Nami kule juu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilianza kueleza msingi na mwamba. Nilifika kwenye upepo. Nikasema, "Na kinachouzuia usilale ubavu ni hizi fito za mshazari, tazameni pale chini," na mimi mwenyewe nikatazama pale chini.

Hazikuwepo. Ghorofa ya chini ilikuwa na nguzo nne na boriti, na katikati kulikuwa na mlango mpana wa ngoma.

Haukuanguka kwa kishindo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu kila mtu alipata muda wa kutazama. Mnara uliinama polepole kuelekea shuleni, ghorofa nne za juu zikiwa zimekakamaa vizuri kabisa kama nilivyofundisha, ya chini peke yake ikilala. Vijana waliokuwa chini yangu waliruka. Watu wakatawanyika. Mimi niliruka pia, au nilitaka kuruka, ila kanzu ilikuwa imenasa kwenye ncha ya nguzo, basi mnara ulipolilalia paa, mimi nikachomoka ndani ya kanzu na koti kama mhindi unavyochomoka kwenye maganda, nikapasua nyasi na fito za paa, nikaangukia ndani ya darasa, juu ya meza yangu, nimevaa suruali ya ndani na saa ya mkononi. Nusu ya paa ikanifuata.

Nilijipapasa. Mikwaruzo, goti, hakuna mfupa uliovunjika, na hakuna aliyeumia nje. Nikakaa kwenye vumbi na kufikiri kwamba ningeweza kukaa mle mpaka watu wote waende kwao. Kwenye tundu la paa niliiona kanzu yangu ikipepea.

Lakini nje kelele zilibadilika. Vicheko vikakatika, nikasikia Masanja anapiga ukelele, "Lubinza! Ametuloga Lubinza! Alisema kwa mdomo wake kwamba utaanguka!" na sauti za vijana wa Mlimani zikimfuata, na fimbo kugongana. Nikachungulia dirishani. Walikuwa wamemzingira mzee yule, na vijana wa Mbugani wamewazingira wao. Mtemi alisimama, akanyamazisha watu, akauliza kwa sauti ya chini, "Lubinza, ni wewe?"

Mzee Lubinza angeweza kukana. Lakini mganga aliyeangusha mnara wa ghorofa tano mbele ya Mtemi angepata wateja mpaka Mwanza. Akatazama chini kwa unyenyekevu. "Mtemi, dawa ikifanya kazi yake, mimi ni nani niizuie?"

Fimbo zikainuka. Nami nilijua mambo mawili wakati ule: kwamba mtu angeweza kufa pale kwa ajili ya neno langu, na kwamba sina nguo. Nikapiga kelele dirishani, "Mama Masanja!" Alikuwa karibu, mama yake Masanja, mwanamke mkubwa asiyecheka ovyo. Akaniona, akaelewa, akafungua khanga yake ya juu na kuipitisha dirishani bila kunitazama.

"Jifunge vizuri, baba," akasema. "Na ufanye haraka."

Nikatoka. Najua nilionekanaje, msinieleze. Kicheko kilianza upande mmoja wa uwanja kikazunguka wote, na labda kicheko hicho ndicho kilichoziteremsha fimbo za kwanza. Nilitembea mpaka mbele ya Mtemi nikaokota vijiti vinne kwenye takataka za paa langu, nikachomoa uzi kwenye pindo la khanga ya watu, nikavifunga pembe kwa pembe vikawa kama dirisha.

"Mtemi, naomba uusukume huu kwa kidole, hapa ubavuni."

Akausukuma. Ukalala.

Nikaokota kijiti cha tano, nikakifunga mshazari kutoka pembe hadi pembe. "Sukuma tena."

Akasukuma kwa kidole, halafu kwa mkono. Haukulala. Akampa karani, karani naye akasukuma. Nikamkabidhi Masanja. Watu walikuwa wamesogea karibu, na nilifundisha pale somo bora kuliko yote niliyopata kuyafundisha, nimefunga khanga yenye maua mekundu. Nikasema mnara wa ghorofa mia na mnara wa ghorofa tano yote inaanguka kwa sababu moja, na hapa hakuna dawa, hapa kuna fito zilizokosekana.

Masanja alikuwa bado anaushika ule mraba. Alikichomoa kijiti cha mshazari, akasukuma, akakirudisha, akasukuma tena. Uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa ni nani aliyezitoa, na akafungua mdomo, ila Mzee Lubinza alimtangulia, kwa sauti ile ile ya upole.

"Vizuri sana, mwalimu. Vijiti vitano. Sasa sisi wajinga tuambie: kama ulikuwa unajua haya yote kichwani mwako, ni nani aliyekupandisha juu ya mnara usio na fito?"

Masanja alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema "wanafunzi," na lisingekuwa uongo.

"Waliniomba ruhusa ya kuzitoa," nikasema. "Nikawaambia toeni. Sikuinua kichwa."

"Ulikuwa unafanya nini?" akauliza Mtemi.

"Nilikuwa nahesabu vichwa vyao, Mtemi. Kwa ajili yako."

Mtemi akamwambia karani ahesabu. Watoto wakapangwa mstari, Mlimani na Mbugani pamoja, wengine na vumbi usoni. Karani akapita akiwagusa mmoja mmoja. Hamsini na wawili. Hakuna aliyekuwa ameondoka, kwa kuwa, kama nilivyoelezwa baadaye, Mlimani ndio waliokuwa wameshinda: mnara ulipoanguka watu wote walikuwa kwao. Udongo wa Mbugani ulisimama pale imara kabisa, hakuna aliyeutazama. (Mchanga wangu sikupata kuupakia popote.)

"Nilisema thelathini," akasema Mtemi. "Hawa ni zaidi. Shule haifungwi. Josho litangoja mwaka mwingine." Vigelegele vikaanza, akainua mkono. "Lakini nimekuja nikakuta paa, sasa naondoka hakuna paa. Hazina yangu hailipi paa mara mbili. Litalipwa na mdomo uliosema toeni."

Nikasema, "Wabeja, Mtemi," na hilo lilikuwa neno la kwanza la Kisukuma lililonitoka siku ile likiwa na maana kamili. Mzee Lubinza alinipita akienda zake, akanong'ona, "Umenikosesha Mwanza nzima, wewe," lakini alitabasamu, na baada ya mwezi alimleta mjukuu wake aandikishwe.

Masanja alikaa mpaka mwisho wa mwaka, akamaliza, ndipo akaenda Geita, na huko anafunga miti ya kuzuia mashimo. Namwombea, na najua hatatoa fito kwa ajili ya ngoma ya mtu.

Mimi tangu siku ile sijajibu swali la mwanafunzi nikiwa nimeinama. Naweka kalamu chini kwanza, namtazama, namwambia arudie, hata akiomba ruhusa ya kwenda haja. Wananicheka. Na juu ya kitu chochote kirefu kuliko kiti sipandi, hata embe liniozee mtini.

Paa lilirudishwa na pande zote mbili kwa wiki mbili, na kwa desturi ya pale wafanyakazi hawalipwi, wanalishwa, basi niliuza baiskeli yangu nikanunua ng'ombe mmoja, chumvi, mtama, kamba na nyasi. Jioni ya mwisho mke wangu, Mama Zuhura, aliniona nimekaa na karatasi ya hesabu, akauliza nimejifunza nini katika haya yote. Nikamweleza: fito za mshazari, maana ya mashindano Usukumani, na kuinua kichwa.

Akanichukulia karatasi mkononi, akasoma jumla. "Watoto wa watu wanasoma kwako kwa shilingi moja kwa mwaka," akasema. "Ada yako wewe ni shilingi hamsini na nane na senti arobaini."